UZI: Martin Shikuku wa Butere, mbunge aliyepigana kwa kanuni

MjukuuWaKuka

Mulembe, wakuu.

Wiki jana kuna mwenzetu humu aliyesema mbunge mzuri ni yule anayeleta barabara na basari, na kwamba kusimama Bungeni na kusema ni kelele tu. Wengi mlimuunga mkono. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa safarini, na jambo lenyewe halikustahili jibu la mistari miwili. Leo nimetulia nyumbani Butere, mvua imekata umeme lakini simu ina chaji, kwa hiyo mnivumilie.

Nataka kumzungumzia Joseph Martin Shikuku. Ukiuliza kijana wa miaka ishirini hapa kwetu Marama, atakwambia amelisikia jina, basi. Ukiuliza mzee, uso unabadilika kwanza ndipo aanze kusema. Alizaliwa Desemba 1932, akafariki Agosti 2012, na kati ya hapo aliingia Bungeni kwa nyakati tatu tofauti: 1963 hadi 1975, tena 1979 hadi 1988, tena 1992 hadi 1997. Kila alipotoka katikati, kulikuwa na mkono wa dola. Mara ya kwanza alitolewa na polisi. Mara ya pili ni ule uchaguzi wa mlolongo wa 1988, wapiga kura wakipanga foleni nyuma ya wagombea, ambao waliousimamia na walioupinga wote wanajua ulivyokwenda.

Watu walimwita mlinzi wa wananchi. Wengi wakimkumbuka wanakumbuka sauti, maana alikuwa na sauti kweli, na ulimi usiomung'unya maneno. Lakini sauti wengi walikuwa nayo. Kile ambacho wengine hawakuwa nacho, na ndicho kiini cha uzi huu, ni kwamba Shikuku alizijua Kanuni za Kudumu za Bunge kuliko wengi wa wale waliotaka kumnyamazisha. Alijua ni wakati gani mbunge anaweza kumkatiza waziri na ni wakati gani hawezi. Alijua kuhesabu akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Alijua tofauti ya swali na hoja, na kwamba swali likiulizwa vizuri waziri hana pa kujificha, kwa sababu jibu lake linaandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na hata akifa litabaki.

Naendelea hapo chini, msijibu bado.

MjukuuWaKuka

Kwanza mwanzo wake, kwa haraka.

Alitokea KADU. Chama hicho kiliundwa 1960 na viongozi wa jamii ndogo waliohofia kumezwa na KANU, chama kikubwa cha wakati huo: Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro wa huku kwetu, Daniel arap Moi, Taita Towett. Shikuku alikuwa miongoni mwa vijana wao. Alikwenda Lancaster House, London, kwenye mazungumzo ya uhuru, akachaguliwa Butere 1963 akiwa na miaka thelathini. Mwishoni mwa 1964 KADU ikajivunja na kuingia KANU, na nchi ikabaki bila chama cha upinzani Bungeni. KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga, ilikuja 1966 na ikapigwa marufuku 1969. Kuanzia hapo, ukitaka kuipinga serikali, unaipinga ukiwa ndani ya chama chake.

Hebu fikirini maana yake. Huna chama cha kukulinda wala gazeti lako, na ukiitisha mkutano wa hadhara lazima upate kibali. Kimebaki nini? Kimebaki kile chumba kimoja, na kile kitabu chenye kanuni zinazosema kila mbunge, hata asiye na cheo, ana haki ya kusimama na kusikilizwa. Shikuku akakishika hicho kitabu. Aliwahi kuwa waziri msaidizi chini ya Kenyatta na tena chini ya Moi, na cheo hakikumfunga mdomo.

Sasa nije 1975, maana hapo ndipo penyewe.

Tarehe 2 Machi 1975 J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alitoweka Nairobi. Maiti yake ikapatikana Ngong. Bunge likaunda kamati teule kuchunguza, na mwenyekiti wake alikuwa mtu wa huku, Elijah Mwangale wa Bungoma. Ripoti ilipofika Bungeni mwezi Juni serikali haikuitaka. Wabunge wakaipitisha hata hivyo, kwa tofauti ndogo ya kura. Masinde Muliro alikuwa waziri wa ujenzi. Akapiga kura pamoja na ripoti, akafutwa kazi. Peter Kibisu wa Vihiga, waziri msaidizi, hivyo hivyo. John Keen hivyo hivyo. Hesabuni wenyewe: katika watatu waliopoteza vyeo kwa kura moja, wawili walitoka upande huu wetu wa magharibi.

Mwaka huo ndio wabunge walionja ladha ya kuishinda serikali, na serikali nayo ikaonja ladha ya kushindwa.

Ikafika Alhamisi, tarehe 9 Oktoba. Katika mjadala Shikuku akasema kuna watu wanaotaka kuliua Bunge jinsi KANU ilivyouawa. Clement Lubembe, waziri msaidizi, akasimama na kumtaka athibitishe kwamba KANU imekufa. Na hilo lilikuwa dai halali kabisa kwa kanuni! Mbunge akitaja jambo kuwa ni kweli, mwenzake anaweza kumdai ushahidi, na asipoutoa anatakiwa ayafute maneno yake. Mtego ulikuwa huo. Shikuku angeleta ushahidi gani kwamba chama kinachotawala kimekufa? Cheti cha kifo?

Kwenye kiti siku hiyo alikuwa Naibu Spika, Jean-Marie Seroney wa Tinderet. Akatoa uamuzi kwamba hakuna haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi.

Upande wa serikali ukainuka na kutoka nje. Siku sita baadaye, tarehe 15 Oktoba, askari waliingia katika majengo ya Bunge wakawakamata wote wawili. Mzee Kenyatta akawakumbusha wabunge waliobaki kwamba mwewe yuko angani, tayari kuwashukia vifaranga. Shikuku na Seroney hawakupelekwa mahakamani. Walikaa kizuizini miaka mitatu na zaidi, hadi Desemba 1978, baada ya Kenyatta kufariki na Moi kuchukua kiti.

Kuna jambo hapa ambalo watu hulipita. Mbunge ana kinga. Analosema ndani ya Bunge hashtakiwi kwalo mahakamani, na hiyo ni sheria ya zamani. Lakini kizuizi hakikuhitaji mahakama. Ilitosha amri na sahihi. Kinga ilikuwa mlango wa chuma kwenye nyumba isiyo na ukuta wa nyuma. Shikuku aliyejua kanuni zote alilijua na hilo, na bado alisimama akasema.

Nyar Kibuye

Nimekusoma mpaka hapo, asante sana. Naomba niongeze, maana huwezi kuzungumzia Bunge lile bila kumtaja mama yetu wa Kisumu.

Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu kuanzia 1965, mwanamke wa kwanza kuwa meya Kenya. Halafu Desemba 1969 akachaguliwa mbunge wa Kisumu Mjini, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa tangu uhuru. Kumbukeni ulikuwa mwaka gani. Tom Mboya aliuawa Julai. Oktoba damu ikamwagika hapa Kisumu siku ya kufunguliwa kwa hospitali mpya. KPU ikapigwa marufuku, Jaramogi akawekwa kizuizini. Mji ulikuwa umejaa matanga. Katika hali hiyo watu wa Kisumu walimtuma mwanamke Bungeni, naye akakaa huko mpaka 1983, na aliwahi kukalia kiti cha Spika na kuongoza kikao.

Mama yangu alikuwa msichana mdogo. Anasema walimwita Nya'Bungu, na kwamba wanawake wa soko walikuwa wakisema sasa kuna mtu wa kuulizia bei ya unga. Kwa mama yangu mbunge alikuwa huyo, mtu wa kukuulizia. Kwa hiyo mimi niko upande wako, ndugu. Anayesema mjadala ni kelele hajawahi kukosa mtu wa kumuulizia.

Fundi wa Bahati

Ni mimi niliyesema wiki jana ni kelele, kwa hiyo nijibu kwa heshima.

Niko Nakuru, nafanya kazi ya umeme. Nimeisoma historia yako na imenigusa, sitaficha. Lakini swali langu liko pale pale. Butere ilipata nini? Mtu alikaa Bungeni zaidi ya miaka ishirini. Alifungwa, sawa, pole yake na pole ya familia. Lakini mama wa Butere aliyekuwa akibeba maji kichwani 1963, je, 1997 alikuwa ameacha kubeba? Huku Nakuru tulikuwa na Mark Mwithaga, naye alikuwa kwenye mapambano hayo hayo ya J.M. na akaishia jela. Wazee wanamsifu. Mimi huwa nawauliza, halafu?

MjukuuWaKuka

Fundi, umeuliza vizuri na sitakuzungusha.

Mama wa Butere alikuwa bado anabeba maji. Na watu wa Butere wenyewe walimhukumu: 1997 Shikuku aligombea urais kwa Ford-Asili, kura zake hazikufika hata asilimia moja ya kura za nchi, na kiti cha Butere kikaenda kwa Amukowa Anangwe. Wapiga kura hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka kuwa kwenye upinzani, wakaona jirani aliye na serikali anapata lami.

Lakini nawe uwe wa haki. Fedha za maendeleo ya eneo bunge, hizi za CDF unazompimia mbunge, zilianza 2003. Shikuku hakuwahi kushika hata shilingi yake moja. Katika miaka yake mbunge alikuwa na njia mbili: harambee, ambapo kiasi unachochanga kinategemea ukaribu wako na ikulu, au kusimama Bungeni na kumuuliza waziri mbona zahanati fulani haina dawa. Ukiwa mkali kwa serikali, njia ya kwanza inafungwa. Inabaki ya pili. Kumpima mbunge wa 1972 kwa mabomba na madawati ni kumpima mvuvi kwa magunia ya mahindi.

Na nikuulize nami. Barabara inayopitishwa kwenye bajeti halafu haijengwi, nani anayeuliza pesa zimekwenda wapi? Katiba yetu ya 2010, ibara ya 95, inalipa Bunge la Taifa kazi ya kuwakilisha wananchi, kutunga sheria, kugawa fedha na kuzikagua. Hakuna mahali inaposema mbunge awe mkandarasi. Tangu 2013 mawaziri hawakai Bungeni, na kwa miaka kadhaa hatukuwa na mtu wa kumuuliza swali uso kwa uso. Waliporudishwa mbele ya wabunge kujibu maswali, mwaka 2023, nilikaa nikatazama vikao viwili vitatu. Wabunge wengine wanasoma swali lililoandikwa na msaidizi, waziri anajibu nusu, mbunge anasema asante anakaa. Hakuna swali la nyongeza. Kuka, babu yangu, angezima redio.

Kapsabet Juu

Nisaidie kidogo kwa Seroney, kwa sababu kila mara anatajwa kwa sentensi moja tu.

Huyu alikuwa mwanasheria, alisomea India na Uingereza wakati Waafrika wanasheria walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1969 alisimamia Azimio la Nandi Hills, lililosema ardhi ya Nandi isigawiwe watu wa nje huku wenyewe hawana, akashtakiwa kwa uchochezi na kutozwa faini. Ukikubaliana na azimio lile au usikubaliane, lilimgharimu. Alifariki Desemba 1982, miaka minne tu baada ya kutoka kizuizini.

Hoja yangu ni hii. Shikuku alisema neno, lakini Seroney ndiye aliyeliandika kwa wino usiofutika. Kiti kingetoa uamuzi mwingine, Shikuku angelazimishwa kuyafuta maneno yake, na leo tusingekuwa na uzi huu. Aliyekuwa kwenye kiti alijua kabisa uamuzi ule utampeleka wapi. Kwetu Nandi tunasema hivyo, na nadhani hata wa Butere watakubali.

MjukuuWaKuka

Nakubali bila kusita. Neno la Shikuku na kiti cha Seroney ni kama jembe na mpini.

Niongeze jambo linalonisisimua kila nikilifikiria. Julai 1974 Mzee Kenyatta alitangaza Kiswahili kiwe lugha ya Bunge, na ikawa hivyo karibu papo hapo. Miswada ilibaki kwa Kiingereza lakini mjadala ukawa wa Kiswahili hadi 1979, Kiingereza kiliporudi. Kwa hiyo siku ile ya Oktoba 1975 lugha ya Bunge ilikuwa Kiswahili. Magazeti na vitabu vyote vinamnukuu Shikuku na Seroney kwa Kiingereza mpaka tumesahau kwamba ugomvi ule ulitokea katika miaka ya lugha yetu. Wako mawaziri waliokuwa wakitamba kwa Kiingereza cha vyuo vikuu ambao ghafla walikosa maneno, na wako wabunge wa vijijini ambao ghafla walisikika. Siku hizi katiba inazitaja lugha tatu za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ishara ya Kenya, na Kanuni za Kudumu zimetolewa kwa Kiswahili. Nani anazisoma?

Sasa nije kwa kuka, maana nimemtaja na sijawaeleza.

Babu yangu, kuka, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuwa rafiki wa Shikuku, wala sina hadithi ya kuwaambia kwamba walikula meza moja. Alikuwa mpiga kura wake tu. Lakini alimsikiliza redioni, habari za Bunge za Sauti ya Kenya, redio ikiwa juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma, na sisi hatukuruhusiwa kupita mbele yake hata kwenda nje kukojoa.

Miaka ya tisini kijiji chetu kilikuwa na mradi wa maji wa kutega chemchemi. Kila boma lilichanga. Wengine waliuza kuku, wengine waliuza ndama. Ulipofika mkutano mkuu, mwenyekiti alikuja na karatasi moja ya hesabu, akaisoma haraka haraka, akasema anayekubali ainue mkono. Mikono ikaanza kuinuka. Watu walikuwa na njaa, na soda zilikuwa zimeshapangwa chini ya mwembe.

Kuka akasimama. Namkumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyembebea kiti. Alitoa mfuko wa nailoni kwenye koti, ndani yake kuna ile katiba ya mradi, kurasa nane zilizopigwa taipu, na kati ya kurasa ametia uzi mwekundu aliouchomoa kwenye sweta ya nyanya. Akaramba kidole, akafungua pale penye uzi.

"Mwenyekiti," akasema, "hoja ya nidhamu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akamwambia mwalimu akae, hapa si Bungeni. Kuka hakupandisha sauti. Akasoma kifungu: hesabu zitawekwa mbele ya wanachama siku kumi na nne kabla ya mkutano. Akauliza ni nani aliyeziona. Kimya. Akasoma kingine: mkutano hautakuwa halali bila nusu ya wanachama. Akaomba watu wahesabiwe. Mwenyekiti akasema tutahesabu baadaye. Kuka akasema, "Kwa kanuni gani?" Hakukaa. Alisimama na kile kitabu kimefunguka mkononi, akangoja, mpaka mama mmoja mjane aliyekuwa nyuma akaanza kuhesabu mwenyewe kwa sauti, moja, mbili, tatu, akigusa watu mabegani. Hatukufika nusu.

Mkutano uliahirishwa. Wiki tatu baadaye risiti zililetwa, na mabomba yaliyokuwa kwenye risiti hayakutosha kwenye ghala. Sehemu ya pesa ilirudi, si yote. Maji yalifika bomba la shule, hayakufika juu kwetu. Mwenyekiti hakumsalimu kuka tena hadi kuka alipozikwa.

Nilimuuliza usiku ule alijifunza wapi. Akaelekeza kidevu kwenye redio. "Kwa Shikuku."

Fundi, hicho ndicho Butere ilichopata. Si chote tulichostahili, wala mimi sikudai hivyo. Lakini kulikuwa na walimu, makarani wa vyama vya ushirika, wazee wa kanisa, watu wa kawaida kabisa, waliosikia redioni kwamba mkubwa anaweza kusimamishwa kwa kifungu, na wakaenda kujaribu kwenye mikutano yao.

Nyar Kibuye

Huyo mama aliyehesabu watu. Nimemsoma mara mbili. Mungu ambariki popote alipo.

Swali kwako. Unamsifu sana Shikuku, lakini si ndiye aliyekuwa mmoja wa waliopasua FORD, lile kundi la kudai vyama vingi? Sisi wa Kisumu hilo bado linauma.

MjukuuWaKuka

Linauma na huku.

FORD ilianza 1991 na watu sita: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Salim Bamahriz. Mnajua kwa nini walikuwa wachache vile? Sheria ya vyama ilitaka kundi la watu kumi au zaidi lisajiliwe, na serikali isingewasajili kamwe. Wakiwa sita, hawakuhitaji usajili. Hapo tena ni kitabu. Mtu anasoma sheria iliyotungwa kumfunga, anatafuta tundu lake, anapita. Novemba 16 wakaitisha mkutano Kamukunji, wakakamatwa, na kabla ya mwaka kwisha kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilikuwa kimefutwa.

Kisha ikawa ile aibu. Muliro akafariki Agosti 1992 uwanja wa ndege wa Nairobi, akitoka London. Mimi naamini, na hii ni rai yangu, kwamba yeye alikuwa miongoni mwa wachache walioweza kuwaketisha wale wengine. FORD ikagawanyika. Jaramogi akabaki na Ford-Kenya, Shikuku akaenda na Kenneth Matiba Ford-Asili na kuwa katibu mkuu wake. Moi akashinda Desemba ile kwa takriban asilimia 36 tu ya kura. Zaidi ya nusu ya nchi ilimkataa na akabaki.

Shikuku anabeba sehemu ya lawama hiyo, siwezi kumtoa. Aliyeweza kusimama peke yake mbele ya serikali nzima alikuwa mgumu wa kukaa na wenzake kwenye meza moja. Huenda ni moyo ule ule uliofanya yote mawili. Kama angekuwa mtu wa kukubali haraka, Oktoba 1975 angeyafuta maneno yake.

Kapsabet Juu

Wakuu, anayetaka kujisomea: Hansadi za zamani za Bunge la Kenya nyingi zimewekwa Google Books, unaweza kutafuta kwa jina la mbunge. Miye nilikaa usiku mzima na maswali ya miaka ya sabini. Utashangaa. Wanauliza juu ya posho za wafanyakazi wa reli, daraja lililobebwa na maji, mwalimu ambaye hajalipwa miezi mitano. Maswali madogo madogo. Waziri anajibu anafikiri amemaliza, kisha anainuka mwingine na swali la nyongeza.

Fundi wa Bahati

Nimerudi. Jana sikuandika kitu kwa sababu nilikuwa nafikiri.

Sijabadilika kabisa. Bado naona mbunge asiyeonekana kwenye barabara mbovu ni tatizo. Lakini ile hadithi ya kuka imenikuta pabaya. Mimi ni mwanachama wa chama cha mafundi hapa mtaani, tuko arobaini. Tunachanga kila mwezi, na kuna pesa za mfuko wa mazishi ambazo sasa hivi hakuna anayeweza kusema ziko wapi. Mwaka jana mkutano ulipitisha hesabu tukiwa watu kumi na tisa. Usiku wa jana nimetafuta katiba yetu, nimeipata chini ya boksi la vifaa, imeliwa na panya pembeni lakini inasomeka. Inasema akidi ni theluthi mbili.

Mkutano mwingine ni Jumapili hii. Nisimame wakati gani?

MjukuuWaKuka

Mwanzo kabisa, kaka. Baada ya maombi, kabla mwenyekiti hajataja ajenda ya kwanza. Ukingoja mpaka wafike kwenye hesabu watasema umekaa umekubali mkutano ni halali. Theluthi mbili ya arobaini ni ishirini na saba. Muombe katibu awasome waliohudhuria kwa majina, si kwa kukadiria, na uandike yako mwenyewe pembeni. Piga picha ule ukurasa usiku huu kabla panya hajaumaliza, na utoe nakala tatu. Moja mpe mtu mzima anayeheshimika ambaye hamko karibu, ili isionekane ni ya kwako peke yako.

Wakikwambia ukae, uliza ni kwa kifungu gani. Kisha ngoja. Usiongeze neno.

Fundi wa Bahati

Kuna mama mmoja anauza vifaa vya umeme, naye ni mwanachama. Hamwogopi mtu. Nampelekea nakala kesho asubuhi akifungua duka.